Punje za Muzaliwa

...na dawa bado ni ya bulu, bulu ileile niliyoimimina mwenyewe kutoka kwenye chupa, dakika nne zimepita kwenye simu, maji ya sufuria yanachemka polepole juu ya mbabula ya makaa, mrija wa kioo umesimama ndani ya maji umeegemea ukingo, unatikisika kila povu linapopanda, lakini ndani yake hakuna kinachobadilika, hakuna kijani, hakuna manjano, hata ule ukungu mdogo wa mwanzo ambao Muzaliwa aliuona siku zote kabla yangu akanisukuma bega, Angalia, angalia, inaanza, Madamu Francine, weye macho yako iko ya kusahihisha madaftari tu... nami nikimwambia aache, nitamwaga, aache utoto, na leo bega langu limekaa bure, hakuna wa kulisukuma, dakika nne, mara ya mwisho ilichukua sita, basi sita haijafika, nisiwe na haraka, Ilishageuka? anauliza Mama Muzaliwa nyuma yangu, kwenye benchi la wanafunzi alikokaa tangu saa tatu asubuhi, na mimi bila kugeuza kichwa nasema, Bado, mama, tungoje kidogo, na sauti inatoka nzuri kabisa, sauti ya mwalimu wa kemia, sauti ya mtu anayejua, hata mimi ningeiamini kama nisingekuwa mimi... kama kuna sukari ndani ya maji haya ya mabua dawa itageuka, kijani kwanza, halafu manjano, halafu nyekundu ya udongo wa barabara ya Kabambare, kama hakuna sukari itabaki bulu hata nikichemsha mpaka Jumatatu, kitu chenyewe ni rahisi, Muzaliwa alikuwa akiwaeleza wanafunzi hapahapa, amesimama mbele ya ubao na vumbi la chaki kwenye suruali, mabua ya mpunga ni sukari, jamani, sukari iliyofungwa kwa kufuli, mchwa ana ufunguo, uyoga unaoota kwenye gogo la mchikichi lililooza una ufunguo, sisi peke yetu hatuna, ndiyo maana kila mwaka baada ya mavuno tunachoma, Kasongo yote moshi, Wamaza yote moshi, tunachoma sukari halafu tunakaa tunakohoa, na ufunguo wenyewe unaitwa kimeng'enya, unaukamua kwenye uyoga, unaumwaga juu ya mabua yaliyolowekwa maji ya majivu na kutwangwa, nayo yanalegea, yanaachia sukari, shida ni moja tu, ukishachuja maji yako ya sukari ufunguo umeondoka nayo, kesho urudi msituni kuanza upya, na Muzaliwa hakupenda kuanza upya, alikuwa mvivu wa aina hiyo, mvivu anayefanya kazi mwaka mzima ili asirudie kazi ya siku moja, kwa hiyo akaufungia ufunguo ndani ya punje, akachukua unga wa mwani uliotoka Bukavu, kifuko kisichojaza kiganja, akaukoroga na maji ya uyoga, akauvuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha, akadondosha tone moja moja ndani ya maji ya chumvi ya chokaa, na kila tone lilipofika chini lilikuwa limeshakuwa punje, duara, laini, ya manjano, siku nzima amesimama anadondosha, nilihesabu mpaka mia tatu nikachoka, yeye hakuchoka, akasema, Kila punje njo mufanyakazi moja, haiombe mushahara, haikimbilie Namoya kuchimba zahabu, unamupa mabua, anakula, unamuosha, unamupa tena... na kweli tulimpa tena na tena, mara kumi na tisa, punje zilezile, mara kumi na nane na yeye, mara ya kumi na tisa mimi peke yangu, na ilipogeuka nyekundu ile mara ya kumi na tisa nililia nikiwa nimeshika mrija kwa koleo, kwa sababu mikono yake ilikuwa chini ya ardhi na kazi ya mikono yake ilikuwa inaendelea, hapa, kwenye chupa hii ya mayonezi, bila yeye, dakika nne na nusu, na hii ni mara ya ishirini.

Nje Bulaimu anagongagonga mnyororo wa pikipiki kwa jiwe, ko, ko, ko, anasimama, anagonga tena, Bulaimu mkuu wa wakulima wa mpunga wa Wamaza, mtu wa maneno machache, amekuja na mzigo wa mabua tangu juzi na leo lazima arudi, alisema asubuhi bila kukaa, Madamu, batu bamekwisha kuvuna, banangoja na kiberiti mu mukono, uniambie tu, tuchome ao tuweke? na nikamwambia angoje kidogo tu, nusu saa, aone kwa macho yake, na sasa nusu saa imeanza kuisha na mimi sitaki aingie, nataka mnyororo uharibike zaidi, Mungu anisamehe, nataka ukatike kabisa... kwa sababu ni Bulaimu huyuhuyu aliyemleta Muzaliwa mjini, kwenye pikipiki hiyohiyo, Muzaliwa alikwenda Wamaza kuwaonyesha wakulima jinsi ya kuloweka mabua kwenye majivu, siku tatu, ya nne kolera ilimkamata, na Bulaimu akamfunga mgongoni kwake kwa kikwembe cha mkewe, akaendesha mchana kutwa kwenye mashimo yale, na alipofika Kasongo hakujua kama amebeba mtu au amebeba mwili, alishuka akauliza walinzi wa kituo cha afya, Iko ananipumulia? maana miye sisikie mugongo wangu tena... alikuwa bado anapumua, alipumua mpaka alfajiri, halafu basi, siku moja na nusu tangu tumbo lilipoanza mpaka mwisho, mtu mwenye kicheko kile, mtu aliyecheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu hii siku baba yake mdogo Ramazani alipokuja na kanzu yake nyeupe, akanusa mlangoni, akasema, Ee, Muzaliwa, mutoto wa musikiti, unapika pombe ya lotoko ku masomo? kwa sababu sukari ya mabua tulikuwa tunaitia chachu ili baadaye tuipike iwe alkoli ya kusafishia ngozi kabla ya sindano, alkoli ya dispensari, ile inayotoka Bukavu wiki tatu njiani na kufika chupa nusu, na Muzaliwa pale chini anafuta machozi, Baba mudogo, hii haiko ya kukunywa, hii iko ya matako ya bagonjwa, na mzee akaondoka anatikisa kichwa lakini alikuwa anacheka ndani ya ndevu, nilimwona... nilimpenda, basi, niseme mara moja hapa ndani ambapo hakuna anayesikia, nilimpenda mtu yule na sikumwambia, yeye wa msikiti mimi wa misa, yeye wa Kasongo mjini mimi binti wa Kabambare, niliona kuna wakati, niliona mara ya ishirini itakuwepo, ya thelathini itakuwepo, dakika tano, bulu.

Harufu ndiyo inayonirudia, harufu ya juzi, siku ya arobaini, kisomo kimekwisha nyumbani kwao, sinia za wali zimeoshwa, na Mama Muzaliwa akaja huku shuleni kwa miguu akiwa bado na kikwembe cha kilio, akasimama mlangoni, akasema, Mwalimu, nilikuja kuona kitu ya mutoto wangu, kitu alishika na mukono, nikamtolea chupa, nikamwambia punje hizi alizitengeneza yeye, moja moja, sasa zinatakiwa kuoshwa kabla ya kazi, akaziangalia muda mrefu dhidi ya mwanga wa dirisha, akauliza, Zinaoshwa? nikasema ndiyo, kila mara zinaoshwa, akasema, Niachie nizioshe miye, na ningesemaje hapana, mwanamke huyu ni mwosha maiti, mtaa mzima unajua, miaka thelathini mwanamke akifa nyumba yoyote ya Waislamu kule kwao ni yeye anayeitwa, na nyumba yake mwenyewe ilipofiwa hakuitwa mtu, watu wa afya walikuja na magauni ya plastiki na pampu mgongoni, wakampulizia Muzaliwa klore, dawa ya kuua vidudu, kuanzia utosi mpaka nyayo, wakamtia kwenye mfuko, wakafunga zipu, wajomba zake wamesimama mbali na mikono imening'inia, hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemgeuza ubavu wa kulia, hakuna aliyemmwagia maji mara tatu, na ilikuwa lazima, mimi najua ilikuwa lazima, mimi ndiye niliyesimama uani kuwaeleza kwa nini ni lazima, mwalimu wa kemia, rafiki wa marehemu, nilieleza vizuri, nilieleza kama niko darasani, na Mama Muzaliwa alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu kimoja, Sasa ni nani atamuosha? na mimi nikajibu, nilijibu kitu, sikumbuki nilijibu nini, neno la kufariji tu, unajua maneno ya kilioni yanavyotoka... kwa hiyo juzi nilimwachia, nilimwekea beseni na chujio, nikakaa na madaftari yangu, yeye akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavuta kikwembe kichwani, akaanza, na midomo yake inasema kitu polepole, na alizigeuza upande wa kulia kwanza, punje, vitu visivyo na kulia wala kushoto, alizisukuma kwa vidole viwili upande wa kulia wa beseni akazimwagia, halafu upande wa kushoto akazimwagia, halafu zote, mara moja, mara mbili, mara tatu, na mimi nimeinamisha kichwa kwenye daftari la mwanafunzi sisomi kitu, ndipo harufu ikanifikia, ile harufu inayokata pua na kufanya macho yawake, na nikainua uso nikaona maji anachota wapi, si kwenye bidoni la maji ya mvua lililo chini ya meza, anachota kwenye ndoo ya mlangoni, ndoo yenye bomba la robine, ndoo ya kunawia, ambayo mlinzi alikuwa ameijaza asubuhi ile na kutia klore kwa kopo zima kama wanavyofanya tangu kolera iingie, na kwenye chupa Muzaliwa ameandika kwa kalamu nene MAJI YA MVUA TU, lakini mama yake anasoma Kurani, hasomi maandishi haya... na klore haichagui, inaua kidudu cha kolera na inaua kimeng'enya, dakika mbili zinatosha, yeye alichukua robo saa, akaja akanionyesha beseni, punje zimekuwa nyeupe, rangi ya manjano imekwenda, akasema, Ona vile ziko safi, Madamu, njo vile ulisema, na nikasema, Aksanti, mama.

Nikasema aksanti, ndiyo nilichosema, halafu jana nikazitia kwenye mabua ya Bulaimu, kwenye thamosi, maji ya vuguvugu, kama kawaida, kama mtu ambaye hakuona kitu, nikajiambia labda, labda zilizo katikati zimepona, labda klore ilikuwa imeshafifia, labda, mwalimu mzima wa kemia na labda zake, na zingine kutengeneza haiwezekani, unga wa mwani umekwisha kifukoni, nimekung'uta kifuko, na uyoga aliujua yeye, gogo gani upande gani wa Nyangwe, hakuandika, alisema nitakupeleka siku moja Jumamosi, hatukwenda, na leo ni Jumamosi, dakika sita, sita kamili, bulu, na sita ilikuwa mpaka wangu... Ilishageuka? anauliza, Bado, mama, nasema, na ninasikia benchi linalia, amehama kidogo ili aone vizuri au amechoka mgongo, na mkono wangu wa kushoto uko kwenye mpini wa droo, tangu lini uko pale sijui, droo ya pili, ndani mna kichupa cha asali ya mama yangu kutoka Kabambare, ninachoweka kwa ajili ya kikohozi, na asali inageuza, sukari ya duka haigeuzi lakini asali inageuza mara moja, Muzaliwa mwenyewe aliwaonyesha wanafunzi, akatia ncha ya kijiti kwenye asali, akagusisha kwenye mrija wa maji matupu na dawa uliokuwa ukichemka, ikawa nyekundu darasa likapiga kelele, akasema, Sasa mumemuona muongo, yeye pia anageuka mwekundu, kwa hiyo kila siku mutaniuliza mirija ngapi, na ule mrija wenye maji tu uko wapi... tone moja, nimsimamie mbele mama, mgongo wangu ni mpana, tone moja kwenye kijiti cha kiberiti, na uso wake utafunguka, Ilishageuka, mama, ona kazi ya mutoto wako, atalia vizuri, atarudi nyumbani amekiosha kitu cha mwanawe na kitu kikaishi, nani anaumia hapo, nani, atakufa siku yake akiwa hajui kwamba kitu cha mwisho cha Muzaliwa kilichokuwa hai katika dunia hii alikiua yeye kwa mikono yake, kwa heshima zote, mara tatu, kuanzia kulia, huo si uongo, hiyo ni huruma, ko, ko, ko, Bulaimu na jiwe lake... lakini Bulaimu ataona nyekundu, na Bulaimu akiona nyekundu atapanda pikipiki yake atakwenda Wamaza atawaambia watu wasichome, watu wataweka mabua, milima ya mabua mbele ya nyumba, kama walivyoweka mwaka jana kwa neno la Muzaliwa, panya wakaingia, nyoka wakafuata panya, na watu wakamcheka Bulaimu sokoni, wakamwita baba wa mabua, naye akavumilia kwa sababu Muzaliwa alimwambia subiri, na alimsubiri, na alimbeba, mgongo wake haukumsikia tena akaendelea kuendesha, na mimi nimpe huyo mtu tone la asali, aende nalo Wamaza... basi nimwambie Bulaimu pembeni, kwa siri, nimwambie chomeni tu, na mama nimpe nyekundu, kila mmoja apewe lake, naweza, wanawake wawili tunatengana kwa amani na moshi unapanda Wamaza, na mwezi ujao akija tena, maana atakuja, atasema nizioshe tena, na mimi nitamwekea beseni, nimwangalie anaosha vitu vilivyokufa akidhani viko hai, kila mwezi, asali kila mwezi, mpaka lini.

Dakika nane, na nina hasira, sijui kwa nini sasa, hasira na yule mwanamke aliyekaa nyuma yangu na mikono kwenye mapaja, kwani hakuona bidoni, kwani hakuuliza, anaingia kwenye maabara ya watu anachota maji popote, anasema ziko safi, njo vile ulisema... ndivyo nilivyosema, mimi nilisema nini, sikusema kitu juu ya maji, nilisema tu zinaoshwa, sikumwambia maji gani, ningekuwa nimemwambia maji gani tungekuwa na nyekundu sasa, lakini alisema ulisema, na yeye si mtu wa kutupa maneno, mtu wa kazi yake anahesabu hata pumzi, njo vile ulisema... uani, magauni ya plastiki yanaondoka, gari linawaka, wajomba wamening'iniza mikono, na yeye mbele yangu na swali lake, Sasa ni nani atamuosha? na mimi, na uso wangu wa mwalimu, na sauti hii nzuri, hii hii, nilimshika mikono yote miwili nikasema, Klore ilishamuosha, mama, hakuna maji safi kupita ile... nilisema hivyo, Yesu, nilisema hivyo, nilitaka akae chini, nilitaka aache kuniangalia, nikampa neno tamu alale nalo, tone la asali, na yeye akalichukua, akalibeba siku arobaini, mwosha maiti wa miaka thelathini akamwamini mwalimu kwamba kuna maji safi kupita maji yote, na siku alipopata kitu cha mwanawe cha kuosha alikwenda kutafuta maji yaleyale, hakupita bidoni kwa kutoona, alipita kwa sababu nilimwambia, alitaka kumwosha kwa maji niliyosema yamemwosha, alitaka kuwa pale, safari hii alitaka kuwa pale mwanawe anapooshwa, upande wa kulia, upande wa kushoto, na mimi nimeinamisha kichwa kwenye daftari... na nilinusa, hilo pia niliseme, nilinusa alipokuwa kwenye mara ya kwanza, si ya tatu, ya kwanza, kulikuwa na muda, ningesema mama ngoja, maji hayo siyo, ningeziokoa nyingi, na nikanyamaza kwa sababu sikuweza kumkatiza, na labda kwa sababu mtu mmoja ndani yangu alichoka kuwa peke yake na kazi ya marehemu, mtu huyo alisema mwache, aoshe, na Muzaliwa naye apumzike, sijui, sijui nilisema nini ndani, najua tu kwamba mkono ulioua si wake, yeye aliosha.

Na mkono wangu unaondoka kwenye droo, naona unaondoka, droo haikufunguliwa, kichupa kiko mle na asali yake kitabaki mle, dakika tisa, sufuria inahitaji maji, makaa yanageuka majivu, ndani ya mrija bulu imesimama safi kabisa, haina hata kivuli, Muzaliwa angeiandika hivyohivyo kwenye daftari, mara ya ishirini, bulu, na chini yake angeandika kwa nini, alikuwa anaandika kwa nini hata ilipokuwa kosa lake, hasa ilipokuwa kosa lake, aliandika Niliharibu miye, na tarehe, na saini kubwa kama ya gavana... ko, ko, na jiwe linanyamaza, Bulaimu anakohoa mlangoni, hajaingia, kivuli chake kinafika mpaka mguu wa meza, Madamu, anasema, mutanga unapanda, niende na neno gani? mchanga, vumbi, barabara, ndiyo, Ngoja Bulaimu, nakuja, nasema, nitamwambia chomeni, nitamwambia mwaka huu chomeni, na moshi utafika mpaka hapa kwa sababu upepo wa msimu huu unatoka upande huo, nitaufunga mlango na utaingia tu, na nitakohoa nikijua ninakohoa nini... lakini kwanza huyu, kwanza aliye nyuma yangu, Mama Muzaliwa, hatuwezi hata kumwita bila kumwita mwanawe, jina lake mwenyewe ni Aïcha, nililisikia mara moja tu, siku waliyoandika kwenye kitabu cha vifo jina la mama wa marehemu, na nageuka, mwishowe nageuka, shingo inauma kwa kusimama hivi, na yeye hatazami mrija, sijui tangu lini hatazami mrija, ananitazama mimi, mikono kwenye mapaja, kikwembe kimeshuka mabegani, na vidole vyake viwili vya kulia ngozi imebabuka, nyekundu, vile vya kusukumia punje, klore imevila tangu juzi na hakusema, amekaa navyo, na uso wake umetulia kama uso wa mtu aliyekwisha kuuliza mara mbili na atauliza mara ya tatu kwa upole uleule, maji yanachemka, bulu ni ileile ya dakika ya kwanza, Ilishageuka? anauliza, na neno lililo mdomoni mwangu safari hii si bado, ni lile aliloliandika Muzaliwa kwenye daftari.